Supu ya boga ya Kithai ikigoma: tui kukatika, uchungu, vichembe na mengine mnayoniuliza kila siku

Hii supu ya boga yenye tui, mchaichai na pilipili nimewapikia watu wengi sana hapa Mtwara na wengi wameondoka na maelekezo mkononi, afu baada ya siku mbili tatu simu zinaanza, dada tui langu limekatika, dada mbona chungu, mwingine yuko Lindi mjini ananitumia picha ya sufuria mafuta yanaelea juu chini maji matupu. Malalamiko ni yale yale yanajirudia, kwa hiyo nayaweka hapa kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na sababu ya kwanza maana ndo inayowapata wengi, usirukie ya mwisho.

Kwanza tukubaliane tunapika nini. Kipimo changu cha watu 6: boga kilo 1 likiwa limeshamenywa, nazi 2, kitunguu maji kimoja kikubwa, saumu punje 6, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, mchaichai mashina 3, pilipili mbuzi 1 au kichaa 3, mbegu za giligilani vijiko 2 vya chai, binzari nyembamba kijiko 1, manjano nusu kijiko, kamba wakavu waliosagwa kijiko 1 cha chakula, majani ya ndimu 5, ndimu 2, kipande kidogo cha sukari guru na chumvi. Viungo unavisaga vinakuwa rojo, unavikaanga, unatia boga na tui jepesi, boga likiiva unasaga, unarudisha jikoni, unatia tui zito, unazima moto, ndimu mwisho kabisa. Basi. Huo mpangilio ndo wenye kazi, na nitaurudia mpaka mnichoke, kwa sababu matatizo kadhaa hapa chini yametokana na kitu kuingia sufuriani kabla ya zamu yake. Watu wanadhani wamekosea kwa kuwa hawana kiungo cha kutoka Thailand, hapana, vitu karibu vyote tunavyo uani na sokoni.

TUI LIMEKATIKA, MAFUTA JUU MAJI CHINI

Hii ndo kubwa kuliko zote, nusu ya simu ni hii.

Elewa kwanza tui ni nini. Ni mafuta na maji, na hivyo vitu viwili havipatani, kinachovishikilia ni protini ya nazi yenyewe. Joto likizidi au kitu kichachu kikiingia ile protini inaganda na kuachia, mafuta yanapanda juu, chini panabaki maji yenye vitu vyeupe kama maziwa yaliyoganda vibaya. Supu haijaoza wala haina sumu, unaweza kula, ila ule ulaini umeondoka.

Sababu ya kwanza ni moto, na hapa wa jiko la mkaa ndo wanaumia zaidi maana mkaa hauna swichi. Chungulia sufuria: supu yenye tui zito inatakiwa itetemeke tu pembeni, kipovu kimoja hapa kimoja pale, ukiona inatokota katikati kwa fujo ujue umeshachelewa. Toa makaa mawili matatu, au yafunike majivu kabla hujamimina tui, usisubiri litokote ndo uanze kuhangaika na koleo. Na usifunike sufuria, ukifunika joto linapanda na huoni kinachoendelea.

Sababu ya pili ni ndimu kuingia moto ukiwa unawaka. Mtu anakamua ndimu mbili ndani ya supu inayochemka, sekunde hiyo hiyo tui linajikunja. Zima, subiri kama dakika 3, ndo ukamue. Ya tatu ni tui zito kuingia mapema pamoja na boga na kukaa jikoni nusu saa nzima. Boga lichemkie kwenye tui jepesi, lile la kukamua mara ya pili na ya tatu, hilo lina mafuta kidogo halina cha kukatika. Ya nne, tui limetoka kwenye friji limeganda, likatupwa kwenye supu ya moto. Lichanganye kwanza na upawa mmoja wa supu pembeni, likipata uvuguvugu ndo liingie.

Ya mwisho ni nazi yenyewe, haitokei sana ila ikitokea utasumbuka bure. Nazi iliyoanza kuvunda au tui lililokaa kwenye joto la huku kwetu saa nyingi linakuwa limeshaanza uchachu wake, hilo litakatika hata ukilibembeleza. Lionje kabla hujalimimina. Likikugusa ulimi kwa uchachu, mwaga, usijidanganye kwamba viungo vitaficha.

Bibi yangu alikuwa Mikindani na alikuwa haachi tui peke yake jikoni, anasimama na upawa wa kifuu anateka anainua juu kidogo anamimina, anateka anamimina, polepole tangu tui liko baridi mpaka linapata moto, na mtu akimwita hageuki. Sisi tulikuwa tunaona ni mazoea ya wazee tu. Kumbe ule mwendo unafanya joto lienee sawasawa, chini pasipate moto mkali kabla ya juu. Mpaka leo nafanya hivyo hivyo.

Kulirekebisha: epua, acha ipoe mpaka uvuguvugu, chukua korosho zilizobanguliwa kama kiganja kimoja, uwe umeziloweka kwenye maji ya moto dakika 20, saga zilainike kabisa kisha mimina supu kidogo kidogo kwenye blenda na korosho hizo. Korosho inashika mafuta yale inayarudisha ndani. Kama huna korosho saga tu upya na boga jingine lililochemshwa, inasaidia ingawa sio sana. Ukishaitengeneza usiichemshe tena, ipashe tu.

Ila kuna kukatika ambako ni halali. Wathai wenyewe tui zito wanalikata makusudi mwanzoni, wanaliweka kikaangoni mpaka mafuta yatoke kisha wanakaangia rojo la viungo humo. Ukifuata njia hiyo na mafuta yakatokea mwanzoni usishtuke. Na matone machache mekundu juu ya bakuli wakati wa kula ni uzuri huo, sio kosa.

NI KAMA FUTARI TU ILIYOSAGWA

Hili lalamiko nalipenda kwa sababu ni la kweli, boga na nazi ni futari yetu, kila Ramadhani tunaila, kwa hiyo ukikosa kile kinachoitofautisha unakuwa umesaga futari.

Angalia kwanza mchaichai wako. Wengi tunaukata ule wa uani wa kuwekea chai na tunachukua majani marefu ya juu. Kwa chai sawa. Kwa supu unataka lile shina la chini, nyeupe kuelekea kijani, kama urefu wa kidole, ubambue magamba magumu mawili matatu ya nje, ulipondeponde kwa mchi mpaka harufu ikupige, ndo ulikate vipande vyembamba sana na kulisaga. Ukilitupia shina zima halijapondwa hupati kitu.

Pili, rojo halijakaangwa. Mtu anasaga viungo anatupia moja kwa moja kwenye maji ya boga. Harufu nyingi za viungo zinayeyuka kwenye mafuta, sio maji, kwa hiyo lazima rojo likutane na mafuta ya moto kwanza, moto wa wastani, dakika 4 au 5, unakoroga bila kuacha, mpaka ile harufu ya kitunguu kibichi iishe na uone rojo linaachana na sufuria na mafuta yanachungulia pembeni. Hapo nyumba nzima inajua unapika nini.

Tatu, unga wa viungo wa zamani. Giligilani na binzari nyembamba nunua mbegu, zipashe kwenye kikaango kikavu dakika moja hivi mpaka zinukie, twanga mwenyewe. Unga uliokaa kwenye kopo mwaka mzima karibu na jiko umebaki rangi tu.

Nne, na hapa ndo penyewe. Chakula cha Kithai kinasimama kwa chumvi, uchachu, utamu na pilipili kwa pamoja, na kile kitu cha bahari kinachokaa nyuma yake, wao wanatumia maji ya samaki waliochachushwa na rojo la kamba. Sisi watu wa pwani tunakosaje kitu cha bahari? Kamba wakavu wasage, au dagaa wa baharini waliokaushwa vizuri, watoe vichwa, wapashe kidogo, twanga wawe unga, kijiko kimoja tu ndani ya rojo. Ukionja huwezi kusema ni dagaa, utasema tu supu imepata uzito. Asiyekula vya bahari aongeze chumvi na kitunguu kilichokaangwa vizuri, itapungua kitu ila italika.

Pia ile mizizi ya kotimiri mnayokata na kutupa, msitupe. Wathai wanaisaga ndani ya rojo, ina harufu kuliko majani yenyewe. Ioshe mchanga wote, wa kwetu haishi, kisha saga na saumu. Khulinjani, ule mzizi wa jamii ya tangawizi, ukiipata tia kipande, usipoipata tangawizi inatosha ingawa sio harufu ile ile, tangawizi ina ukali mwingi zaidi. Na majani ya ndimu yetu sio kama ya kule, yao yana kiuno katikati kama majani mawili yameungana, lakini ya kwetu yakiwa machanga yanafanya kazi, yachane pembeni ya ule mshipa wa kati na uyatoe kabla hujasaga.

Kama umefanya yote na bado hujui kinachokosekana fanya hivi, chota supu kwenye vikombe vitatu vidogo, kimoja tia matone ya ndimu, cha pili chumvi punje kidogo, cha tatu sukari guru kidogo. Onja kimoja kimoja. Kile kitakachokufanya useme aaah ndo kinachokosekana kwenye sufuria. Mara nyingi sana ni ndimu. Watu wa huku tunaogopa kuweka uchachu kwenye nazi, na ni kwa sababu ya kukatika, lakini ukiweka mwisho moto umezimwa haina shida.

CHUNGU

Hapa nakuomba usome mpaka mwisho wa sehemu hii.

Mara nyingi ni saumu iliyoungua. Saumu inaungua haraka kuliko kitunguu, ikishakuwa kahawia iliyoiva uchungu umeshaingia na hautoki. Angalia chini ya sufuria, ukiona weusi ndo hiyo. Kama rojo tu ndo limeungua na boga halijaingia mwaga rojo uanze upya, ni hasara ndogo. Usiseme litamezwa na tui, halimezwi. Vivyo hivyo kwa binzari nyembamba na giligilani zilizopashwa mpaka zikawa nyeusi.

Inayofuata ni ndimu kusagwa na mbegu zake, au maganda kuchemshwa humo, au majani ya ndimu kusahaulika ndani na kusagwa pamoja. Chuja. Uchungu mdogo unapunguzwa na sukari guru na chumvi kidogo, chumvi inaukandamiza uchungu kweli kweli kuliko watu wanavyodhani. Manjano nayo ikizidi inaleta uchungu wenye harufu ya udongo, nusu kijiko inatosha sufuria nzima.

Korosho pia. Ukitumia korosho hakikisha zimebanguliwa vizuri kiwandani au na mtu anayejua kazi. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, kila aliyekulia Newala au Tandahimba anajua mikono ya wabanguaji ilivyo, na kama mbegu imeguswa na mafuta hayo itakuunguza midomo. Ukihisi midomo inawaka na sio pilipili acha kula.

Sasa sababu ya mwisho, haitokei sana lakini ndo ya hatari. BOGA LENYEWE NI CHUNGU. Kuna maboga na mung'unya yanakuwa na kemikali inayoitwa kukabitasini, hasa yale yaliyoota yenyewe jalalani au mbegu yake ilichanganyika shambani na jamaa zake wa porini. Uchungu wake sio wa kuungua, ni mkali unang'ang'ania ulimini na hauondoki ukisukutua. Kupika hakuutoi. Sukari haiutoi. Tui haliutoi. Hapo hakuna kurekebisha, mwaga sufuria nzima na usiwape kuku wala mbuzi. Mtu akila atatapika, tumbo litamsokota, ataharisha vibaya, na akiwa mtoto au mzee au anaharisha damu usikae nyumbani na chumvi na sukari, mpeleke hospitali na uwaambie alikula boga chungu.

Kinga yake ni nyepesi, ukishalipasua boga kata kipande kidogo kibichi, kiguse kwa ulimi, tema. Boga lisilo na tatizo linakuwa na utamu kidogo au halina ladha. Mimi sijawahi kuacha kufanya hivyo tangu siku nilipokutana nalo, nilikuwa nimenunua boga zuri la rangi, mvua zimeisha maboga yamejaa, nikapika bila kuonja, kijiko kimoja tu nikatema na ulimi ukabaki mchungu mpaka jioni. Nazi mbili zikaenda hivyo hivyo.

Na kwa wanaoniuliza kama wanaweza kuongeza mhogo badala ya kiazi ili supu iwe nzito, kama mhogo wenyewe ni mchungu usithubutu. Mhogo mchungu usiotayarishwa una sumu ya sianidi, na ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu umewahi kuripotiwa hata mkoa wetu huu. Dakika 20 za supu sio matayarisho ya mhogo.

INAVUTA KAMA GUNDI, AU NI NZITO KAMA UJI

Umeweka viazi mviringo na ukasaga sana kwenye blenda. Wanga wa kiazi ukipigwa sana unaachia na kuwa gundi. Ukihitaji kiazi ponda kwa mwiko au tumia upekecho, kisha changanya na boga lililosagwa. Ikishavuta huwezi kuirudisha, ongeza tui jepesi na uichuje, itapungua kidogo. Kama ni nzito tu lakini haivuti hilo sio tatizo, ongeza maji ya moto, kisha onja chumvi upya.

NYEPESI KAMA MAJI

Boga. Sio maboga yote sawa, lenye ganda gumu na nyama ya njano iliyokolea, kavu, hilo ndo la supu. Lile lenye maji mengi ukilikata linatoa jasho, litakupa supu nyepesi hata ufanyeje. Likate vipande, liweke juu ya moto bila kufunika mpaka maji yapungue kabla ya kutia tui zito, au changanya na kiazi kitamu cha njano.

Ikiwa boga zuri, angalia nazi. Ukiuziwa koroma badala ya nazi iliyokomaa tui linakuwa jepesi jepesi lina utamu wa dafu. Tikisa kabla ya kununua, nazi iliyokomaa maji yanapiga kelele ndani na kifuu kimekuwa kahawia iliyokolea. Na unavyokamua: nazi 2 zilizokunwa, kwa tui la kwanza usizidishe kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, sio ya moto sana mikono ikashindwa. Fikicha kweli kweli kama unafua, sio kuchovya na kuchuja. Maji mengine yote yaende kwenye tui la pili.

Usiweke unga wa ngano. Naomba.

VICHEMBE NA NYUZI

Mchaichai na tangawizi zilizokomaa zina nyuzi ambazo blenda za majumbani haziziwezi. Kata vipande vyembamba sana kukatisha nyuzi kabla ya kusaga, ongeza kijiko cha maji. Usipokuwa na blenda au umeme umekatika kinu kinafanya vizuri tu, anza na vigumu, mchaichai na chumvi kidogo, kisha tangawizi, kisha saumu, kitunguu mwisho maana kina maji kitarushia kila mahali. Kama vichembe ni vya boga basi halijaiva, choma kipande kwa uma, kitoke bila kung'ang'ania. Vyovyote iwavyo supu ipite kwenye chujio la matundu ya wastani kabla ya tui zito.

Vichembe vyeupe ni jambo jingine, hilo ni tui limekatika, rudi juu. Na waliotumia maziwa ya ng'ombe badala ya nazi, yakigusana na ndimu yataganda, na hata tangawizi mbichi peke yake inaweza kuyagandisha. Tumia nazi.

PILIPILI IMEZIDI, CHUMVI IMEZIDI

Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo kuongeza maji kunausambaza tu. Ongeza tui zito, au korosho iliyosagwa, na boga jingine ukiwa nalo, ndimu na sukari guru kidogo zinasaidia ulimi. Mara nyingine toa mbegu pamoja na ule utando mweupe unaozishika, ukali mwingi uko kwenye utando. Mikono ikiwaka paka mafuta ya kula kwanza kisha osha kwa sabuni, na usiguse macho.

Kwa chumvi, wanaotupia kiazi kizima wakitegemea kinyonye chumvi wanajisumbua, kinanyonya maji yenye chumvi vile vile kama yalivyo. Ongeza vitu visivyo na chumvi, boga na tui jepesi. Na kumbuka kamba na dagaa wana chumvi yao, chumvi yako isubiri mpaka mwisho.

SHOMBO

Kamba au dagaa hawakukaushwa vizuri, au hawakupashwa, au umeweka vijiko vitatu kwa furaha. Nusa kabla. Wakiwa na harufu ya kuoza au wamelowa lowa usiwatumie kabisa. Shombo dogo linaondolewa na ndimu na majani ya kotimiri yaliyokatwa juu. Kama una mgeni ambaye kamba, korosho au karanga humdhuru mwambie kabla hajashika kijiko. Mtu akivimba midomo au ulimi, akapata upele mwili mzima au akaanza kupumua kwa shida hiyo ni ya kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, sio ya maziwa wala mkaa.

RANGI IMEFIFIA

Umekuna nazi mpaka kwenye ngozi ya kahawia, au boga ni la njano hafifu. Haina madhara. Ukitaka wekundu saga na pilipili ndefu nyekundu zilizokauka na kulowekwa, toa mbegu. Na kama umeitaka ya kijani kwa kusagia majani, rangi itageuka ikikaa jikoni, majani hayo yaingie mwisho.

BLENDA INAFUNGUKA, INANUKA, AU IMEZIMA

Supu ya moto ndani ya blenda iliyofungwa inatengeneza mvuke na mvuke unasukuma kifuniko. Nimeona ukuta wa jiko umekuwa wa njano na mtu ameungua shingo. Acha supu ipoe, jaza isizidi theluthi moja, toa kile kidude cha katikati ya kifuniko, funika kwa taulo nene, shikilia kwa mkono, anza na spidi ndogo. Ukiungua mwagia maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta wala ute wa yai. Kuungua usoni, kwa mtoto, au eneo kubwa kuliko kiganja, hospitali.

Blenda ikinuka kama waya unaungua zima, chomoa, isubiri ipoe. Kawaida umeipa kazi kavu mno, ongeza maji. Ikinuka tena ikiwa tupu ni mota, mpe fundi umeme, usiifungue mwenyewe ikiwa kwenye soketi. Na wa majiko ya gesi, ukisikia harufu ya gesi jiko likiwa limezimwa funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala kuzima taa, toka nje umwite aliyekufungia mtungi.

ILIKUWA NZURI JANA, LEO IMECHACHA

Joto letu. Supu yenye tui ikikaa mezani zaidi ya saa 2 imeanza kuharibika, na mchana wa Desemba Mtwara mi nahesabu saa moja. Sufuria kubwa ya moto haipoi haraka hata ukiiweka kwenye friji, igawe kwenye vibakuli vya kina kifupi, ipoe, friji, iliwe ndani ya siku 2. Wasio na friji wapike boga na rojo bila tui zito wala ndimu, wakune nazi ya mlo huo huo tu. Ikitoa povu, harufu ya pombe, au inavuta utelezi, mwaga. Kuichemsha tena hakuondoi sumu ambazo bakteria wengine wameshaziacha humo.

Ukiipasha ile ambayo haijaharibika, moto mdogo, upawa mkononi, ipate moto vizuri mpaka mvuke utoke lakini isitokote kwa fujo. Ndimu mbichi iongeze upya kwenye bakuli, ya jana harufu yake imeshaondoka.